Mashine ya Kukumbuka ya Thadeus

Ukitoka stendi ya Kisii ukapanda barabara ya hospitali, kabla hujafika kona kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na vitabu vya shule, mali ya akina Manish, na mbele yake kibaraza chenye benchi refu la mbao za mkaratusi. Hapo ndipo kijiwe kilipokuwa. Nyanchera aliweka jiko lake pembeni, birika moja la kahawa na jingine la chai ya maziwa, na jua likishapanda wenyewe walianza kufika mmoja mmoja. Alikuwepo Ombui, karani mstaafu wa mahakama, waliyemwita Hansadi kwa jinsi alivyopenda kunukuu maneno ya wakubwa. Yeye alikuwa Msabato, kahawa hagusi, chai hagusi, kwa hiyo alikunywa maji moto yenye tangawizi na kubishana kama mtu aliyelewa kahawa. Alikuwepo Ochoki, fundi wa redio, jina lake la benchi Transista. Na alikuwepo Thadeus, mwandishi wa gazeti kwa wilaya mbili, Kisii na Nyamira, aliyeitwa Kabati, maana ukitaka kujua nani alisema nini mwaka gani kwenye mazishi ya nani, ulimfungua Thadeus ukatoa jibu. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, miezi ile mvua ilipokataa kwenda zake, na Kabati alikuwa ameingia ufa.

Ilimkuta shambani kwake, akikagua majani chai. Aliona mkono wa kulia hautaki kushika tawi, kisha akajikuta amelala kati ya mistari akitazama mawingu. Hospitali walisema ni kiharusi chepesi, amshukuru Mungu. Akashukuru. Mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu. Kilichogoma kurudi ni majina. Uso wa mtu aliujua, sauti aliijua, hata shati alilovaa siku ya harambee, ila jina lilikuwa kama sabuni ndani ya karai, ukilishika linateleza. Na kuuliza aliona haya. Mtu anakusalimu kwa furaha, anajua wewe ndiye Kabati, utamwambiaje, samahani, wewe ni nani?

Ndivyo ilivyotokea habari ya Nyasani. Walikuwa akina Nyasani wawili, wote wenyeviti wa zamani wa ushirika, mmoja wa Marani na mwingine wa Nyaramba. Aliyefariki ni wa Nyaramba. Thadeus akasoma habari kwa simu hadi Nairobi, na gazeti likamzika wa Marani. Kesho yake Nyasani wa Marani akaja mwenyewe kijiweni, gazeti kwapani, akaketi, akaagiza kahawa.

— Nimekuja kuuliza, akasema taratibu, nilikufa na nini.

Hakuna aliyecheka.

— Mzee Nyasani, Thadeus akasema, hayo ni makosa yangu.

— Najua ni makosa. Lakini shemeji zangu wametoka Kericho na ng'ombe wa matanga. Amefungwa kwangu nyuma ya nyumba, na mimi marehemu ndiye namkatia nyasi. Sasa nimwambie nini?

— Mwambie avumilie, Ombui akasema. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu.

— Huyo ndiye ataliwa, Nyanchera akasema akimimina.

Nyasani akamaliza kahawa yake, akamshika Thadeus bega, akamwombea afya, akaenda zake. Msamaha ule ulimchoma Thadeus kuliko matusi. Mhariri naye hakuwa na maneno ya kuomboleza. Alipiga simu ya duka, maana ndiyo Thadeus aliyotumia, akasema kosa jingine la jina, basi tutatafuta mtu mwingine huko kwenu.

Siku hiyo Thadeus alibaki ndani ya duka, amesimama kati ya makopo ya rangi, hajui aende wapi. Mteja akaingia kutafuta misumari ya mabati. Manish, mtoto wa mwenye duka, akageukia kompyuta kuukuu iliyokuwa nyuma ya kaunta, yenye kioo cha maandishi ya kijani, akabonyeza herufi chache, akasema misumari iko rafu ya nyuma, chini ya bawaba.

— Manish, Thadeus akasema, hiyo inaweza kutafuta mtu vile inatafuta misumari?

— Hii ni programu ya duka, mzee. Inajua bidhaa tu.

— Na ya watu inauzwa wapi?

Manish akafikiri. Alikuwa amesoma mambo hayo Kisumu kabla ya kurudi kumsaidia mama yake, na kijana wa duka la misumari hapati watu wengi wa kumuuliza maswali kama hayo.

— Ya watu wako, haiuzwi. Lakini tunaweza kuiunda.

Basi kila siku duka likifungwa kwa chakula cha mchana, Thadeus aliingia kwa mlango wa nyuma na katoni ya mafuta ya kupikia mikononi. Ndani ya katoni hizo kulikuwa na vikaratasi vyake vya miaka yote: baraza la chifu, mazishi, mkutano wa wakulima, kila kimoja na tarehe na pahali. Vikaratasi vilikuwepo. Kichwa cha kujua kipi kiko wapi ndicho kilichokwenda. Hakutaka aundiwe tu, akataka ajue. Manish alimfundisha lugha ya mashine hiyo iitwayo Besiki, na mzee wa miaka hamsini na ushei akaketi kama wa darasa la kwanza, akibonyeza kwa mkono wa kushoto.

— Kwa nini unajitesa? Manish alimuuliza. Nitakuandikia yote.

— Ikikataa siku wewe uko Kisumu, nitaikalia nikiitazama?

Mama Manish, Bi Jayshree, alipita na sahani za chakula, akatazama vikaratasi vilivyotapakaa juu ya kaunta yake.

— Thadeus, hapa ni duka, si chuo kikuu.

— Ndiyo, mama.

— Basi ule kwanza. Chuo kikuu nacho wanakula.

Nje kwenye benchi, jambo hilo halikuweza kupita hivihivi.

— Mimi nimefungua redio maisha yangu yote, Ochoki akasema. Ndani hakuna mtu, nawahakikishia. Lakini hii ya Manish nimeweka sikio dirishani, nikasikia kitu kinakuna.

— Ni disketi inasomwa, Thadeus akasema.

— Disketi haina kucha.

— Wacha mzee aandike, Ombui akasema. Wahenga hawakukosea. Habari bila daftari hupotea bila mali.

— Si hivyo, Hansadi. Ni mali bila daftari hupotea bila habari.

— Hiyo ya kwako ni ya wafanyabiashara, Nyanchera. Ya waandishi ni hiyo yangu.

— Na kwani hakuna za kununua Nairobi? Ochoki akauliza. Kila kitu kinatoka Nairobi kimetengenezwa.

Thadeus akaweka kikombe chini. Hilo swali alilipenda, kwa sababu ndilo alilojiuliza usiku wa kuamkia siku ya kwanza.

— Ziko. Za kuandika barua ziko, za hesabu ziko. Lakini mimi nataka niseme neno moja, chai, ama shule ya fulani, iniletee kila mahali nimewahi kulisikia, na nani alisema. Halafu nikiandika habari, inihesabie maneno, maana Nairobi wakikwambia mia tatu ni mia tatu. Halafu ikifika jina la mtu, initolee herufi moja moja nisome kwa simu, kwa sababu yule msichana wa kupokea habari hajui ng ya ng'ombe na ng ya ngao. Nani Nairobi anajua shida zangu hizo?

— Hakuna, Nyanchera akasema.

— Ndiyo maana.

Mwanzo mashine ilikuwa jinga kupindukia. Ukiandika Shule kwa herufi kubwa, shule ya herufi ndogo haikuijua, kama mtu anayekujua ukiwa na koti tu. Wakalirekebisha. Halafu stima ikapotea mchana mmoja na kazi ya wiki ikaenda nayo, na Thadeus akatoka akaketi kwenye benchi. Nyanchera alimpa kahawa, na Ombui, Msabato yule, akakishika kikombe kwa mikono yake mwenyewe akampokeza. Kuanzia siku hiyo Manish alimfundisha kuhifadhi kila baada ya kikaratasi, kwenye disketi mbili, moja akae nayo mwenyewe.

Shida iliyowachekesha ilikuwa ya baba. Thadeus alikuwa anaandika tanzia, anatafuta alichosema kijana mmoja juu ya marehemu baba yake, akaandika neno hilo, na mashine ikamletea akina mama chungu nzima: baba aliyenyonyesha, baba aliyesuka vikapu, baba aliyejifungua mapacha. Manish alidhani mashine imeharibika. Kisha Thadeus akaona. Kwa Kiswahili baba ni baba, lakini kwa Ekegusii baba ni mama, na vikaratasi aliviandika kwa lugha aliyosikia masikioni siku hiyo.

— Hiyo sasa, Manish akasema akifuta machozi ya kicheko, programu ya kununua haingejua hata siku moja. Kampuni gani duniani inajua kwamba baba anaweza kuzaa?

Wakaongeza herufi moja mbele ya kila kikaratasi, ya kuonyesha lugha. Thadeus ndiye aliyeandika mistari hiyo ya Besiki peke yake. Ilipokubali, alitoka nje akitembea kama mtu aliyevuliwa gunia la mbolea mgongoni.

Kijiweni nadharia zilikuwa zimekomaa.

— Nimewaza, Ochoki akasema. Ukishamaliza kuingiza vikaratasi vyote, wewe utabaki nini? Debe. Mwizi akiiba disketi, amekuiba wewe. Anaenda kwako jioni, anamsimulia mkeo mambo ya mwaka wa themanini na mbili, mama wa watu anampakulia ugali.

— Mke wangu atamtazama uso.

— Uso si kitu, bwana. Wewe mwenyewe unaona nyuso na hujui ni za nani.

Ochoki akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia.

— Sikutaka isikike hivyo, ndugu yangu.

— Najua, Thadeus akasema. Endelea. Ulikuwa umefika kwa ugali.

Ombui akaingilia kati kwa huruma, akachukua mzigo wa upuuzi yeye mwenyewe.

— Mimi swali langu ni la kisheria. Siku mashine hii itaitwa mahakamani kutoa ushahidi, itashika Biblia na mkono gani?

— Haitaitwa, Ochoki akasema akipata nguvu tena. Itakuwa imepita hayo. Ikishajua kila mtu alisema nini miaka yote, itajua atasema nini kesho. Mbunge hata asijisumbue kuja mazishini. Tunabonyeza tu, inatoa hotuba yake.

— Na chakula chake?

— Tunakula sisi.

— Penye nia hapaharibiki neno, Ombui akasema, na hakuna aliyejua ameunganisha methali ngapi.

Mvua ya Elnino haikujali hayo yote. Ilinyesha mpaka kuta za vyoo zikaanguka, mpaka barabara ya Nyamira ikawa uji. Asubuhi moja ikaja habari kwamba kule Ikonge daraja la miguu lililovusha wachuma chai limekatika likiwa na watu juu yake. Mungu alikuwa karibu, hakuna aliyekufa, lakini walioumia walikuwa wengi na baadhi yao waliletwa mjini. Mchana, redio ya Ochoki iliyokuwa juu ya benchi ilimtoa mkubwa wa wilaya akisema kwamba ofisi yake haikuwahi kupokea malalamiko yoyote kuhusu daraja hilo, na wananchi wajifunze kutoa taarifa mapema.

Thadeus alikuwa anainua kikombe. Akakirudisha.

— Hapana, akasema.

— Hapana nini?

— Hilo daraja nimelisikia. Wapi, sijui. Nani, sijui. Lakini nimelisikia.

— Pengine umelisikia redioni, sasa hivi, Ombui akasema kwa upole.

Thadeus akainuka, akaingia dukani bila kungoja chakula cha mchana. Bi Jayshree alimtazama usoni, akamsogeza mteja kando. Akaandika neno daraja, akaandika Ikonge. Mashine ikakuna, ikakuna, ikanyamaza. Kisha mashine ya kuchapa iliyokuwa kando ya kompyuta ikaanza kupiga kelele yake ya cherehani, na karatasi ikatoka, ikatoka.

Alirudi kijiweni ameishika kwa mikono miwili. Manish alimfuata nyuma.

— Someni, akasema. Hapana, nisome mimi. Baraza la chifu, mwaka wa tisini na mbili. Mkubwa wa wilaya alizungumzia kilimo. Mama mmoja akasimama, akasema mbao za daraja zimeoza. Akaambiwa aketi, swali si la leo. Hii nyingine, mazishi ya mwalimu mkuu. Mheshimiwa aliahidi mabati ya shule. Mama mmoja akauliza, na daraja? Watu wakacheka. Hii tena, harambee ya zahanati. Mama mmoja akasema mtoto wake nusura asombwe na maji. Hii mkutano wa wakulima...

— Basi umempata, Ochoki akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na nadharia. Huyu wa redioni anasema hajawahi kusikia, na hapo alikuwa amekaa meza ya mbele.

— Hili ni jalada kamili, Ombui akasema. Tarehe, pahali, maneno. Kabati limefunguka.

Manish alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Thadeus alihisi kitu alichokuwa amekisahau, joto lile la mtu ambaye ameshika habari na habari haina njia ya kutoroka.

Pembeni ya jiko alikuwa amesimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, leso imelowa mabegani, gambuti zimejaa udongo mwekundu, anamngojea Nyanchera amjazie chupa ya chai. Aliwaamkia wazee, wakaitikia. Alisema anaitwa Purity, ametoka Ikonge, yuko na mama yake hospitalini tangu jana. Mama alikuwa darajani na kikapu cha majani. Amevunjika mguu.

— Pole sana, binti yangu, Ombui akasema.

— Asante. Nimesikia mnasoma ya daraja letu. Akaionyesha karatasi kwa kidole. Huyo mama mmoja ni nani?

Thadeus akatazama karatasi. Mheshimiwa alikuwa na jina. Mkubwa wa wilaya alikuwa na jina na cheo. Chifu, mwenyekiti wa shule, mfadhili wa mabati, wote walikuwepo na herufi zao kamili. Akageuza ukurasa, akarudi wa kwanza. Ombui akasogea amsaidie kutafuta. Manish alitazama dirisha la duka lake, kana kwamba mashine ingeweza kujibu kutoka huko ndani, na mashine ilikuwa imeshatoa yote iliyopewa.

— Nauliza tu, Purity akasema, kwa sababu mama yangu husimama.

Chai ikajaa chupani, ikamwagika kidogo. Thadeus akakunja karatasi.

— Nipeleke kwake, akasema. Kama hatachoka.

Wadi ilinuka dawa na nguo mbichi. Mama alilala karibu na dirisha, mguu umeinuliwa kwa kamba yenye uzito, mwembamba, macho makali. Purity akainama akamwambia huyu ni nani. Mama akatikisa kichwa kwamba halikuwa jambo la kuambiwa.

— Namjua, akasema kwa Ekegusii. Huyu ndiye wa kofia ya kijivu.

Thadeus akavuta kiti. Akamsalimu, akampa pole. Kisha akasema lile neno ambalo kwa miezi yote lilikuwa linamkwama kooni, na kumbe lilikuwa jepesi.

— Omong'ina, mama yangu, sijui jina lako. Naomba unitajie.

— Nyaboke.

Akaandika, kwa mkono wa kushoto, polepole. Kisha akamsomea. Mazishi ya mwalimu mkuu, mama aliyeuliza na daraja.

— Huyo ni mimi.

Baraza la chifu, mbao zimeoza.

— Huyo si mimi. Huyo ni Moraa wa kwa Ombati. Alifariki, mwaka juzi.

Harambee ya zahanati, mtoto nusura asombwe.

— Huyo ni Kerubo. Mtoto siku hizi ni mkubwa, anachuma chai. Ya mkutano wa wakulima sijui, soma. Ah. Huyo ni mimi tena. Tulikuwa tunapeana zamu. Mmoja akichoka kuambiwa aketi, mkutano mwingine anasimama mwenzake.

— Mlikuwa wengi.

— Tulikuwa wengi. Na wewe ulikuwa unakaa pale mbele unaandika. Tukirudi nyumbani jioni tulikuwa tunaambiana, haidhuru, angalau yule ameandika.

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayesimulia kilichowapa nguvu. Thadeus alitazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya goti, mkono ambao katika miaka ile ulikuwa mzima kabisa. Nyaboke akafumba macho kidogo, kisha akafumbua.

— Andika na Bosibori, akasema. Bosibori alisimama kanisani.

Kesho yake Thadeus alikwenda Ikonge pamoja na Purity, sehemu kwa gari na sehemu kwa miguu, fimbo mkononi, matope hadi magotini. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango aliuliza jina, na walipokuwa wawili aliuliza mara ya pili ili asichanganye. Hakuna aliyemcheka. Kwa Moraa aliyefariki aliwakuta wanawe, wakamwambia maneno ya mama yao jinsi walivyokuwa wakiyasikia jikoni. Aliporudi mjini aliingiza yote, akaandika habari yake, mashine ikamhesabia maneno na kumpangia majina herufi moja moja. Akainua simu ya duka. Benchi zima lilikuwa limehamia ndani, hata Nyanchera na birika.

Upande wa pili alikuwa mhariri mwenyewe, akasikiliza habari mpaka mwisho.

— Ni nzuri, Thadeus. Nzuri sana. Lakini imezidi. Hayo majina ya akina mama tuyatoe, tuweke wakazi.

Thadeus akamtazama Manish, akatazama kaunta.

— Kata maneno yangu, akasema. Kata mvua, kata kilima, kata vile mto ulikuwa unanguruma. Hayo yote ni yangu, sina neno. Majina yabaki.

— Na una hakika nayo? Wewe?

Kila mtu dukani alilisikia lile wewe, maana simu ya Bi Jayshree ilikuwa na sauti kubwa.

— Nimemuuliza kila mmoja.

Ochoki akaanza kuuchunguza waya wa simu kwa jicho la fundi, akidhani umekatika.

— Haya, mhariri akasema. Nisomee.

Akasoma. N, y, a, b, o, k, e. Akasoma yote mpaka mwisho, na alipoweka simu shati lilikuwa limeloa mgongoni.

Gazeti lilitoka na majina yote, Moraa akiwa wa kwanza. Yule mkubwa hakuomba radhi, wakubwa hawana tabia hiyo, lakini redioni hakurudia tena maneno yake, na kabla mahindi hayajabeba, mafundi walifika Ikonge na nyaya za chuma na mbao mpya. Nyaboke alilivuka daraja jipya kwa magongo, Purity akiwa nyuma yake. Thadeus aliendelea na kazi yake. Hakuna aliyepiga simu kusema asiendelee.

Jambo aliloomba kwa Manish baada ya hapo lilikuwa la mstari mmoja tu wa Besiki.

— Nataka isikubali kikaratasi chochote bila jina la aliyesema.

— Na kama hujui jina?

— Isikubali.

— Hata mama mmoja?

— Huyo hasa.

Kijiweni walibishana wiki nzima.

— Mmeipa kiburi, Ochoki akasema. Sasa itataka na kitambulisho. Baadaye itataka barua ya chifu.

— Mahakamani ndivyo ilivyo, Ombui akasema. Shahidi bila jina si shahidi. Asiye na jina hana kiatu.

— Hiyo methali haipo, Hansadi.

— Ipo. Ni wewe hujafika nayo.

Juma lililofuata Thadeus alirudi kutoka mkutano wa wauza ndizi wa Nyaramba. Aliingia dukani, akaketi, akaandika alichosema mzee mmoja wa huko juu ya malori yanayowapita bila kusimama, maneno mazuri, ya kufungulia habari. Mashine ikamuuliza jina la msemaji. Thadeus akafumba macho. Aliuona uso, aliuona mwanya wa meno, alikumbuka hata kwamba mzee alimtajia jina lake na la ukoo wake. Likateleza. Akaandika mzee mmoja, akabonyeza. Herufi za kijani zikatokea, Manish ndiye aliyeziweka: HAPANA. RUDI UKAULIZE.

Kisha akazima, akatoka nje akijifunga koti. Nyanchera alikuwa ameshamimina.

— Kabati, na kahawa yako?

— Mpe Ochoki, Thadeus akasema. Mimi narudi Nyaramba. Kuna mzee nataka aniambie jina lake tena.